Peugeot ya marehemu baba imekwama bandani: niifufue au iende kwa vyuma chakavu?

Shikamoo mzee wetu wa safu hii,

Mimi ni mwalimu wa sekondari na mama wa watoto wawili hapa Tanga. Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo limetugawa nyumbani tangu tulipomaliza arobaini ya marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Miongoni mwa vitu alivyotuachia imo Peugeot 504 ile ndefu yenye safu tatu za viti. Aliinunua katika miaka ya themanini ikiwa imekwisha kutumika, akawa anabebea abiria kati ya Tanga, Korogwe na Lushoto, na sisi watoto wake wote wanne tumesomeshwa kwa nauli za gari hilo. Alipokuwa anapanda mlima kutoka Mombo kwenda Soni alikuwa hawashi redio na alishusha kioo hata kama mvua inanyesha, kwa sababu alitaka kuisikia injini kabla ya kubadilisha gia.

Gari limesimama tangu mwaka 2009, macho yake yalipoanza kumsumbua. Liko nyuma ya nyumba, ndani ya banda la bati lenye sakafu ya udongo, mwendo mfupi tu kutoka baharini. Tairi zote hazina upepo, kuku wamefanya kiti cha nyuma kuwa mahali pa kutagia, na chini ya milango kuna kutu ambayo inadondoka ukiigusa kwa kidole. Kadi ya gari tunayo, na funguo tunazo. Kadi inasema injini ni ya petroli, cc 1971.

Kaka yangu mkubwa amekwisha kumpata mnunuzi wa vyuma chakavu ambaye yuko tayari kulivuta wakati wowote na kulilipia kwa uzito wake. Anasema banda linahitajika, na kwamba gari lililokaa miaka yote hiyo haliwezi tena kurudi barabarani. Mama hataki kuingia katika mabishano. Ukimwuliza, anasema tuelewane sisi wenyewe. Mimi sitaki liuzwe. Nilimwita fundi wa gereji ya jirani, akaja na betri, akajaribu kuliwasha mara kadhaa, kisha akasema injini imekamata na kwamba dawa yake ni kuitoa na kuweka injini ya Toyota pamoja na giaboksi yake, halafu kulipiga rangi. Ameomba malipo ya awali ili akanunue hiyo injini.

Ninaye mpwa wangu anayesomea ufundi wa magari VETA, kijana mtulivu na mwenye hamu ya kazi, ambaye yuko tayari kushirikiana nami mwishoni mwa wiki hapa hapa bandani. Naomba unisaidie kwa mambo haya: je, gari hili linastahili kuokolewa, au mapenzi kwa marehemu ndiyo yananizuia kuona? Nimwambie nini fundi kuhusu injini ya Toyota? Na kama tunaweza kuifanya kazi hii nyumbani, tuanzie wapi?

Binti wa Marehemu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mzazi.

Nikupe jibu lenyewe kwanza ili usikae roho juu. Usimpe fundi huyo malipo ya awali, na mnunuzi wa chuma asilivute gari, mpaka wewe na mpwa wako mmelala chini yake na kulikagua kwa tochi. Injini iliyokamata ni tatizo linalotibika, na katika magari ya aina hii hutibika mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kinachoamua kama Peugeot hii itaishi au haitaishi ni mabati yake, na kwa jinsi ulivyoeleza, hakuna hata mmoja kati ya waliokushauri aliyeyatazama.

Lakini hata kabla ya tochi kuna suala la mirathi, na kwa sababu ndilo litakalowatenganisha ndugu kama halikushughulikiwa mapema, naomba ulipe uzito. Gari hilo ni mali ya marehemu. Mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, kaka yako hana mamlaka ya kumuuzia mtu yeyote, na wewe vilevile huna mamlaka ya kulikata na kulichomelea. Mama yenu ana thumuni yake humo, yaani sehemu moja kati ya nane, hata kama ameamua kunyamaza. Omba kikao cha familia, kubalianeni thamani ya gari kama lilivyo leo, kisha iandikwe katika muhtasari kwamba wewe unalichukua kama sehemu ya fungu lako au unawalipa wenzako mafungu yao. Bei aliyoitaja mnunuzi wa vyuma chakavu ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo, kwa sababu kaka yako ameileta mwenyewe na hawezi kusema ni ndogo. Nadhani utamwona analegea akishajua kwamba hapotezi kitu na kwamba kuna tarehe ambayo kazi itaanza kuonekana. Kabla ya kikao hicho, chukua kadi ukailinganishe na gari lenyewe: namba ya chasisi na namba ya injini zilizoandikwa humo ziwe ndizo zilizogongwa kwenye chuma. Zisipolingana, ni bora mlijue hilo sasa kuliko siku ya kuhamisha umiliki TRA, wakati fedha zako zimekwisha kuingia ndani ya gari.

Sasa tuingie bandani.

Peugeot 504 ilianza kuuzwa mwaka 1968, ikachaguliwa kuwa gari la mwaka barani Ulaya mwaka 1969, na yalitengenezwa zaidi ya milioni tatu, mengine yakiunganishwa Kenya na Nigeria. Sifa yake katika barabara zetu ilitokana na springi ndefu na laini ambazo hufuata mashimo bila kulivunja gari, na ndiyo maana Ove Andersson aliweza kushinda nayo Safari Rally mwaka 1975. Sifa hiyo ni ya haki kabisa, lakini imewafanya watu wengi waamini kwamba kila kipande cha gari hili ni sugu, na mabati yake si sugu. Hayakuwa na kinga ya zinki kama ya magari ya leo. Isitoshe, gari hili halina chasisi ya pekee kama Land Rover ambayo unaweza kuinua bodi na kuiweka kando. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Vizingiti vile virefu vinavyopita chini ya milango, ambavyo umeniambia kutu yake inadondoka, ndivyo vinavyolizuia gari lisipinde katikati. Kwa hiyo kutu uliyoigusa kwa kidole ni habari kubwa kuliko injini.

Fanyeni hivi. Toeni mazulia yote na viti, mfagie kila kitu, kisha mchukue kinyundo kidogo na bisibisi butu. Gongeni taratibu kila bati la chini huku mkisikiliza. Bati zima hujibu kwa sauti kali na nyundo hurudi mkononi. Bati lililooza hutoa sauti ya kufa na nyundo hubaki pale pale. Mahali penye sauti ya kufa, sukumeni bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikizama, wekeni alama kwa chaki. Msione huruma kutoboa, kwa sababu bati linalotobolewa na bisibisi halikuwa linabeba kitu. Mahali ambapo rangi imenenepa au imepasuka, pitisheni sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa: isiponata, hapo pana puti iliyofunika shimo la zamani, na gari lililofanya kazi ya abiria kwa miaka mingi halikosi mashimo ya namna hiyo.

Anzeni na vizingiti, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, kwa pande zote mbili. Kisha sakafu chini ya miguu ya dereva na abiria wa mbele, kwa sababu mpira wa kioo cha mbele ukizeeka hupitisha maji ambayo hutiririka nyuma ya dashibodi na kutuama pale. Baada ya hapo fungueni boneti mtazame sehemu mbili za mviringo, kushoto na kulia, ambako ncha za juu za shokapu za mbele zimefungwa, na mwishoni muingie chini kwa nyuma, ambako springi za ekseli zimekaa. Sehemu hizi mbili za mwisho ndizo nitakazozitumia kukujibu swali lako la kwanza. Milango na mlango wa nyuma hata vikioza, hutafutwa vingine. Vizingiti na sakafu hukatwa na kuchomelewa bati jipya. Ni kazi ndefu lakini inajulikana. Lakini kama vikalio vya shokapu za mbele na vya springi za nyuma vimeoza vyote, kushoto na kulia, kiasi kwamba bisibisi inapita, basi mkubalieni kaka yako. Gari la namna hiyo litakula fedha za kujengea nyumba na bado halitakuwa salama kubebea watoto wako. Marehemu alikuwa mtu wa kusikiliza gari lake linamwambia nini, kwa jinsi ulivyonieleza, na hilo pia lingekuwa jibu la gari.

Kwa bahari iliyo karibu na sakafu ya udongo iliyokuwa ikipumulia unyevu chini yake miaka yote hiyo, natarajia mtakuta vizingiti vimekwenda na sehemu za juu zimesalimika. Hali hiyo naiona inafaa kuokolewa, na sisemi hivyo ili kukuliwaza.

Ikiwa ni vizingiti, tafuteni fundi wa bodi anayetumia mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi, kwa kuwa bati hili ni jembamba na fimbo za kawaida za kuchomelea mageti hulitoboa au hulikunja kwa joto. Kuna jambo moja ambalo msikubali alipuuze. Kabla ya kukata, gari liwe limeegemezwa sawasawa pande zote, milango iwe imefungwa vizuri na nafasi kati ya mlango na nguzo zake zimepimwa na kuandikwa. Kisha vyuma vya muda vichomelewe kukatiza uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ili bodi isijikunje. Upande mmoja ukatwe na kumalizwa ndipo upande wa pili uguswe. Fundi akikata vizingiti vyote viwili siku moja, gari hushuka katikati kwa milimita chache tu, na tangu siku hiyo hakuna mlango utakaofunga tena. Mpwa wako asimame pale na kipimo chake mkononi. Hiyo ni elimu ambayo hata chuoni si rahisi kuipata.

Nije kwenye injini. Jambo la kwanza ni kwamba mtu yeyote asijaribu tena kuizungusha kwa betri. Stata inayolazimisha injini iliyokamata yaweza kuvunja ringi za pistoni ambazo pengine zilikuwa zimeshikwa na ukoko mwembamba tu wa kutu. Fungueni plagi zote nne. Katika injini hii plagi zimezama ndani ya visima virefu, na visima hivyo vitakuwa vimejaa vumbi na vinyesi vya wadudu. Vipulizieni upepo kwanza, la sivyo uchafu wote utaangukia ndani ya silinda mara plagi itakapotoka. Mimineni katika kila silinda oili ya giaboksi za otomatiki iliyochanganywa na dizeli kidogo. Injini ya 504 imelazwa upande kwa digrii 45, kwa hiyo dawa hukusanyika upande mmoja wa pistoni. Ndiyo maana nashauri mmimine kidogo kila siku kwa wiki mbili hivi, badala ya kujaza kwa mara moja na kusahau. Baada ya hapo wekeni spana ndefu kwenye nati ya puli ya krankshafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, na mjaribu kuisogeza, mbele kidogo, nyuma kidogo, kwa nguvu za mtu mmoja. Ikisogea hata kwa upana wa ukucha, mmeshinda sehemu kubwa. Endeleeni hivyo hivyo, mkiongeza dawa, mpaka izunguke mzunguko mzima.

Kabla ya kufikiria kuiwasha, fungueni nati ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na mwone kinachotoka. Oili nyeusi na nzito ni ya kawaida kwa gari lililokaa. Maji yakitangulia, au oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, basi maji ya rejeta yamepita kuingia chini, na hapo hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, haina budi kufunguliwa. Vilevile hedi itafunguliwa ikiwa spana imegoma kabisa.

Hapa naomba mpwa wako asome kwa makini, kwa maana ndipo injini nyingi za Peugeot zimeuawa na mafundi wazuri waliozoea magari ya Kijapani. Hedi ya injini hii ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma, na ndani ya bloku silinda zake ni slivu nne, yaani mirija ya chuma inayochomoka, zikiwa zimezungukwa na maji moja kwa moja. Kila slivu imekalia pete ya kuzuia maji kwa chini, na juu imebanwa na hedi. Hedi ikishatoka, hakuna tena kinachozishikilia. Mtu akizungusha krankshafti wakati huo, pistoni huinua slivu kwa unywele mmoja tu, pete ya chini huachia, na injini ikifungwa tena maji huanza kuingia kwenye oili polepole bila mtu kuelewa yanatoka wapi. Kwa hiyo mara hedi inapotoka, kila slivu ibanwe kwa boliti na washa pana, na ibaki hivyo hadi gasketi mpya iwe tayari. Kadhalika, slivu zinatakiwa zichomoze juu ya uso wa bloku kwa kiasi kidogo sana kinachopimwa kwa geji ya saa. Mwulizeni fundi yeyote atakayetaka kufungua hedi hiyo kwamba slivu zake atazibana na nini na atazipima vipi. Akikueleza bila kusitasita, mpe kazi. Akikuambia hazihitaji, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine. Habari njema ni kwamba muundo huo huo unaoleta shida ndio utakaokuokoa: kama kutu imekula silinda, huhitaji kuchonga bloku wala kuitupa, kwani slivu na pistoni zake huuzwa kama seti na huchomekwa mpya.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuikataa injini ya Toyota. Sababu ya pili imo chini ya sakafu. Katika magari mengi shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye difu ya ekseli ya nyuma iko wazi, na mtu anaweza kuifupisha au kuirefusha akaunganisha giaboksi nyingine. Katika 504 yenu shafti hiyo imo ndani ya bomba nene lililofungwa imara huku kwenye giaboksi na kule kwenye difu, na bomba hilo ni sehemu ya mfumo unaoishikilia ekseli ya nyuma mahali pake. Ukiweka giaboksi ya Toyota unalazimika kulikata bomba hilo, kubuni namna nyingine ya kuishika ekseli, na mara nyingi kukata sakafu na vishikio vya injini. Kazi hiyo hufanyika, na magari yaliyofanyiwa hivyo yanatembea, lakini wengi wa waliofanyiwa hulalamika kuhusu mtikisiko na breki zinazovuta upande. Zaidi ya hayo, namba ya injini iliyo kwenye kadi itabidi ibadilishwe TRA. Sitaki kumvunjia heshima fundi wako. Huenda anatoa ushauri anaoufahamu kwa sababu injini hizo anazijua na vipuri vyake viko kila duka. Mwambie kwa upole kwamba unataka injini yake yenyewe ichunguzwe kwanza, na mlipe gharama ya kuja kwake siku ile ili msiachane vibaya.

Kuhusu kuifanya kazi nyumbani, naam, inawezekana, ila banda lenyewe litengenezwe kwanza. Jeki juu ya udongo huzama upande mmoja, na gari lenu lina uzito wa zaidi ya tani moja. Kama hamna uwezo wa kumwaga zege banda zima, mwageni mistari miwili tu ya mapana ya kutosha chini ya magurudumu, na katikati mtandike karatasi nzito ya nailoni ili unyevu usipande. Nunueni stendi nne za chuma kabla ya kununua spana hata moja. Msimlaze mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na msitumie matofali, hata yale ya saruji; tofali halitoi onyo, hupasuka mara moja. Nimesisitiza hili kwa sababu mpwa wako ni kijana, na vijana huingia chini ya gari kwa dakika mbili tu kutazama nati.

Tangi la mafuta litolewe lote na likae nje mbali na nyumba kabla ya mashine ya kuchomelea kuingia bandani. Petroli iliyobaki humo imekwisha kuwa gundi yenye harufu kali, lakini mvuke wake bado unawaka, na tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Kama lina matundu, msilichomelee wenyewe. Mkifungua ngoma za breki za nyuma au klachi, msipulize vumbi lake kwa upepo. Vitambaa vya breki vya magari ya zama hizo vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo ikiingia mapafuni haitoki. Lowesheni vumbi hilo kwa maji ya sabuni, mlifute kwa matambara, na matambara myatie katika mfuko na kuufunga. Na siku injini itakapowaka, iwake banda likiwa wazi pande zote, au gari likiwa limesukumwa nje, kwa sababu ya gesi ya kaboni monoksidi ambayo haina harufu.

Jambo linaloua miradi ya namna hii kuliko kutu ni kufungua kila kitu kwa wakati mmoja. Wikendi ya kwanza ni ya furaha, gari zima linasambazwa bandani, na baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka boliti ipi ilitoka wapi. Fungueni mfumo mmoja, mumalize, ndipo mhamie mwingine. Kila boliti iingie katika kopo lenye jina, na kila mara kabla ya kufungua, piga picha kwa simu yako. Wewe kama mwalimu huna haja ya kufundishwa kuweka daftari. Weka moja la fedha na moja la kazi, na kaka yako ayaone akitaka.

Baada ya mabati na injini kujulikana, breki ndizo zinazofuata, na hapo msibanie fedha. Masta silinda, silinda ndogo za magurudumu ya nyuma, kaliper za mbele na mipira yote ya kupitishia mafuta ya breki ibadilishwe au ifanyiwe ukarabati kamili, hata ile inayoonekana nzima, kwa kuwa mpira wa umri huo huvimba kwa ndani na kuziba bila kuonyesha kitu kwa nje. Tairi zote tano ni za kutupa. Mkitaka kumthibitishia mtu umri wake, someni tarakimu nne za mwisho za mstari ulioanza na herufi DOT: 2309 ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2009. Rejeta na njia za maji zisafishwe mpaka maji yatoke meupe, kabureta ifunguliwe na kuoshwa, mipira ya petroli iwe mipya. Nyaya zitazameni kwa kuzipapasa kwa mkono urefu wake wote, maana palipo na kuku hapakosi panya.

Vipuri vipo. Kwa kuwa magari haya yaliunganishwa Kenya, ninyi wa Tanga mna bahati ya kuwa karibu: kutoka Horohoro hadi Mombasa ni safari ya siku moja kwenda na kurudi, na ikishindikana kuna maduka ya Kirinyaga Road jijini Nairobi. Dar es Salaam anzeni na Gerezani. Chukueni kipuri cha zamani mkononi, msitegemee jina, kwa sababu breki za 504 fupi na hizi ndefu hazifanani. Kwa vitu adimu kama mipira ya vioo, jumuiya ya L'Aventure Peugeot, ambayo ina makumbusho yake Sochaux nchini Ufaransa, huuza vipuri vya magari ya zamani ya kampuni hiyo, ingawa gharama ya usafirishaji itakulazimu kuagiza vingi kwa pamoja. Watafuteni pia madereva wazee waliofanya njia moja na marehemu. Wengi wao bado wana viboksi vya vipuri chini ya vitanda, na wanafurahi vikipata mwenyewe.

Rangi iwe ya mwisho kabisa. Nimeona magari mengi yaliyopigwa rangi nzuri juu ya vizingiti vilivyooza, na ndani ya mwaka mmoja rangi ilikuwa inabanduka kwa vipande. Osheni rangi ile ya zamani kwa sabuni laini, mpitishe dawa ya kung'arisha sehemu ndogo ya boneti, na mwone iliyo chini kabla ya kuamua. Rangi ya kiwandani iliyofifia mara nyingi bado ina uhai. Viti vya safu ya tatu vihifadhini hata kama kitambaa chake ni cha kutupwa, kwa kuwa fremu zake ni ngumu kupatikana. Bima msikate mapema. Bima ndogo itatosha gari litakapokuwa tayari kutoka getini, baada ya kukaguliwa na askari wa usalama barabarani.

Mkishapitisha nyundo na bisibisi, niandikie tena unieleze alama za chaki ziko wapi, hasa kwenye vikalio vya shokapu za mbele, na kama spana imesogea au haijasogea. Kutokana na hayo nitakuandikia bati la unene gani la kununua kwa ajili ya vizingiti, na fundi aanze kukata upande upi.